Ukuta Usiobeba Paa

Juu ya mlango wa baa ile palikuwa na jina lililoandikwa kwa rangi, lakini rangi ilishababuka siku nyingi na hakuna mlevi aliyewahi kulililia. Watu waliiita Mbele na Nyuma, basi. Mbele kulikuwa na chumba chenye mlango wa barabarani, nyuma chumba chenye mlango wa uchochoroni, na katikati ukuta mnene wa matofali wenye kidirisha cha kupitishia chupa. Mwenye baa, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alikaa kwenye kidirisha hicho miaka nenda miaka rudi, mkono wa kulia ukihudumia mbele, wa kushoto ukihudumia nyuma, na shingo yake haikugeuka hata siku moja.

Kisha goti likamgomea. Daktari akamwambia apumzike, naye akamwita mkaza mwana wake, mke wa mwanawe wa kwanza, aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja ya vitambaa vyeupe mezani.

"Nakukabidhi funguo, mwanangu," akamwambia. "Lakini kukabidhiwa si kupewa. Muuza magodoro haniachi nipumue, anataka nimpangishe pale pawe stoo yake. Siku goti hili likinifikisha kule kwa miguu yangu nikakuta watu, baa ni yako. Nikikuta viti vitupu, yanaingia magodoro."

"Utakuta watu mpaka ukose pa kukaa, mama."

Mkaza mwana hakusema vile kwa kujigamba tu. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa kuja nyumbani kufuliwa nguo na kuondoka. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba sinia za watu mpaka mabega yakapinda, akiitwa "wewe" na wageni ambao hawakujua kwamba ana jina. Kazi ya hoteli alishaiacha ili ashike funguo hizi. Zikimponyoka, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi.

Akaanza vizuri. Akasugua sakafu mpaka ikakumbuka rangi yake. Choo, ambacho zamani hata nzi walikiingia kwa kuziba pua, kikapata maji na mlango unaofungika. Kila alichogusa alikiita cha kisasa: taa za kisasa, bilauri za kisasa, hata ufagio. Watu wakambandika jina, Mama Kisasa, na wakaendelea kunywa. Angeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo na mimi ningekwenda kulala. Lakini aliugeukia ukuta.

Akamwita fundi mwashi wa mtaa, kijana mwenye mikono kama koleo na maneno machache.

"Huu wote?" fundi akauliza.

"Wote. Nataka mtu akisimama mlangoni aone mpaka uchochoroni."

Fundi akakuna kisogo. "Mama, ukuta huu una kazi yake."

"Kazi gani? Umebeba paa?"

"Paa haujabeba."

"Basi umebeba nini?"

Fundi akautazama mpini wa nyundo yake kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Hamna kitu," akasema, na akaanza kubomoa.

Jioni ile vumbi lilipofagiliwa, Mama Kisasa akawasha taa zote kwa mpigo. Ukumbi ukang'aa kutoka mlango hadi mlango. Upande wa mbele alikuwapo seremala mzee, bilauri imeshafika mdomoni. Upande wa nyuma, kwenye kiti chake cha siku zote, alikuwapo yule yule fundi mwashi, anajipongeza kwa kazi nzuri. Macho yao yakagongana katikati, pale ulipokuwa ukuta.

Seremala akaingiza bilauri chini ya meza, akainama akaanza kuutikisa mguu wa meza kama mtu aliyeitwa kuutengeneza. Fundi mwashi akajifunika karai lake kichwani kama ananyeshewa, akatoka kinyumenyume. Waliobaki nao wakaanza kuangaliana, kisha kuangalia saa, kisha kukumbuka wagonjwa wa kwenda kuwatazama. Kufumba na kufumbua, ukumbi wa kisasa ukabaki na taa zake.

Kesho yake hakuja mtu. Kesho kutwa akaja mmoja, akachungulia, akauliza njia ya kwenda mahali anapopajua, akaondoka. Mama Kisasa akaleta televisheni kubwa. Televisheni ikatazamwa na viti. Akaweka karanga za bure, zikaliwa na panya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Hapa kidonda kilikuwapo, kinyemi ndicho kilichokosekana.

Na ukitaka kujua kwa nini hakuna aliyemwambia, jiulize angesemaje. Kueleza ukuta ulikuwa wa nini ni kukiri kwamba wewe mwenyewe ulikuwa unajificha nyuma yake.

Siku moja asubuhi akaenda kumjulia hali mamamkwe. Akamkuta jikoni ameketi, goti juu ya kigoda, uso umekunjamana kama nguo iliyolaliwa.

"Shikamoo mama. Goti vipi?"

"Goti lina nafuu. Anayenimaliza ni babamkwe wako. Zamani ikifika jioni alikuwa anatoka kwenda kunyoosha miguu. Siku hizi hatoki! Miguu imenyooka yote, yuko hapa ananifundisha kumenya viazi. Mimi! Jana kaniambia kitunguu nakikata kwa ubavu usiofaa."

Sebuleni mzee, kofia ya kijivu kichwani na pete ya shaba kidoleni, alikuwa mbele ya kikombe cha chai, anakitazama kama mtu aliyeandikiwa dawa chungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Biashara inakwendaje?"

"Inakwenda, baba."

"Mh," mzee akasema. "Inakwenda wapi?"

Mama Kisasa akarudi kazini neno hilo likimwasha kama upupu. Akamkuta fundi mwashi amesimama mlangoni, nje kidogo ya kizingiti, ananunua soda kwa sura ya mtu anayefunga mwaka mzima.

"Fundi, ingia ukae."

"Hapa panatosha, mama."

"Wewe si ulikuwa unakunywa humu?"

"Mimi? Nilikuwa nasikia tu kwamba watu wanakunywa."

"Fundi, nitakuuliza kama dada yako. Nimewakosea nini?"

Fundi akatazama barabara juu, akatazama chini. Alipohakikisha hakuna sikio karibu, akanong'ona. "Yule seremala ni mkwe wangu. Nimemwoa binti yake. Sasa nitanyanyuaje chupa, mzee aliyenipa mwanawe yuko pale anahesabu koo langu linavyopanda na kushuka? Na yeye atanyanyua yake vipi mbele yangu, yule aliyenikalisha kikao akaniasa niache pombe?"

"Lakini mlikuwa mnakunywa wote! Yeye mbele, wewe nyuma, kila siku!"

"Nani kasema? Kuna aliyetuona?"

Mama Kisasa akageuka kutazama pale ulipokuwa ukuta.

"Na si sisi tu," fundi akaendelea, sasa kizibo kimetoka. "Mwalimu wa kwaya na mwenyekiti wake. Kinyozi na kaka yake mkubwa. Kila mtu ana wake. Hata wewe unaye wako."

"Wangu nani?"

"Mimi nimekunywa soda tu," fundi akasema, akaweka chupa chini, akaenda zake.

Aliyekuwa ananyoosha miguu! Mama Kisasa akakaa kwenye kiti cha karibu. Yeye ambaye tangu aolewe hajawahi kutafuna hata kipande cha mkate mbele ya babamkwe. Ambaye akimkuta anakula hurudi mlangoni akapiga hodi upya. Yeye ndiye aliyetaka mtu asimame barabarani aone mpaka uchochoroni.

Matofali mapya hayakuwezekana. Baa isiyouza hainunui hata kokoto. Lakini stoo ilikuwa imejaa kreti za chupa tupu, za miezi ya mafanikio ya mamamkwe. Akazibeba moja moja, akazipanga pale pale ulipokuwa ukuta, kreti juu ya kreti, akaacha nafasi ya kidirisha. Akazima nusu ya taa. Kisha akakaa kwenye kidirisha, shingo mbele kama askari wa lindo.

Ukuta wenyewe ulikuwa kichekesho. Kreti zina matundu. Ukitaka kumwona wa upande wa pili unamwona mpaka kifungo cha shati. Lakini nani aliyetaka? Fundi mwashi alipita uchochoroni, akachungulia, akaingia. Seremala akaingia kwa mbele. Kwenye wiki ile ile chombo kikakaa sawa: kicheko mbele, kicheko nyuma, na mara nyingine mzaha ulianzia upande huu ukajibiwa upande ule na mtu ambaye, kwa heshima zote, hakuwapo. Kulikuwa na mkono mmoja wa mzee uliokuja kidirishani kutoka nyuma kila jioni, wenye pete ya shaba aliyoijua vizuri. Mama Kisasa aliujazia bilauri na hakuufuata kwa macho kupita kiwiko. Nyumbani kwa mamamkwe, ikasemekana, viazi vilikuwa vinamenywa kwa amani.

Tatizo la ukuta wa kreti ni kwamba una mwenyewe, na mwenyewe ana lori.

Lilikuja Jumamosi mchana, saa ambayo pande zote mbili zimejaa. Dereva wa kampuni ya bia akaingia na kalamu sikioni.

"Mama, tupu ziko wapi?"

Mama Kisasa akatazama ukuta. Dereva naye akautazama.

"Leo sina tupu," akasema.

"Na hizo ni pambo la harusi?"

"Kaka yangu, njoo kesho asubuhi."

"Kesho niko upande mwingine wa mji. Bila tupu sikupi zenye bia, na huku hunioni tena mpaka wiki ijayo. Unazo za kuuza mpaka wiki ijayo?"

Hakuwa nazo hata za kufikia magharibi. "Basi fanya hivi, toa moja weka moja. Ikitoka tupu, iingie iliyojaa hapo hapo."

"Mama, sisi tumekuja kupakia au kufuma mkeka?" dereva akasema, akampigia mluzi utingo wake.

Utingo akaanza na safu ya juu. Ukuta ukashuka kidogo, na pande zote mbili watu wakashuka nao, kama mtu anayeingia kwenye maji baridi. Safu ya pili ikaenda. Migongo ikalegea vitini. Ya tatu ilipoondoka, kinyozi alikuwa ameshakaa sakafuni. Utingo, aliyelala vizuri na kula vizuri siku hiyo, alifanya kazi kwa bidii ya kuudhi. Ukuta ulipofika usawa wa kiuno, hakukuwa na kichwa kinachoonekana baa nzima.

Na hapo ndipo fimbo ikagonga kizingiti. Mamamkwe huyo, kwa miguu yake, na nyuma yake muuza magodoro ameshika futi ya kupimia.

Viti vyote vilikuwa vitupu.

"Unaona?" muuza magodoro akasema, sauti imejaa huruma ya mtu anayefurahi. "Hata paka hayupo. Tuanze kupima na ukuta ule."

Macho ya mamamkwe yalipita juu ya meza, moja baada ya nyingine. Juu ya kila meza kulikuwa na bilauri, na kila bilauri ilikuwa na povu lake.

"Mwanangu," akasema polepole, "watu wako wapi?"

Ilikuwa ni neno moja tu. Aseme "Inukeni," nao wangeinuka, vichwa kama uyoga baada ya mvua. Angehesabiwa watu wake, na baa ingekuwa yake palepale. Miguuni pake, chini ya meza ya kidirishani, fundi mwashi alikuwa amejikunja, anatikisa kichwa kumsihi. Upande wa nyuma, kati ya kreti mbili za ukuta uliobaki, kofia ya kijivu ilikuwa inatetemeka.

"Hakuna mtu, mama," akasema.

"Hakuna?"

"Sijaona mtu."

"Hata kule nyuma? Naona kama kuna kofia."

"Mimi sioni kofia, mama."

Kofia ikapiga kwikwi. Kwikwi kubwa, ya mtu aliyemeza bia kwa haraka asiimwage. Muuza magodoro akageuza shingo atazame, na mamamkwe akampiga kwa fimbo kwenye kifundo cha mguu.

"Unatazama nini kule? Hujaambiwa hakuna mtu?"

"Lakini mama, nimesikia..."

"Umesikia goti langu. Kunja futi yako. Nenda katafute pengine."

Alipokwisha kuondoka, mamamkwe akavuta kiti kwenye meza ya kidirishani, akaketi, mgongo umeelekea nyuma, uso barabarani. Akampa dereva wa lori jicho moja tu. "Wewe, rudisha kreti zilizojaa pale pale ulipotoa. Zote. Na huyo kijana wako apange vizuri, zisije zikaniangukia wateja wasiokuwapo."

Dereva akarudisha. Safu zikapanda, na watu wakapanda nazo, magoti yakilia. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine mbele akacheka, na kelele za kawaida zikarudi kama hazikuwahi kukatika.

"Jumatatu fundi alete matofali," mamamkwe akasema. "Namjua fundi. Yuko chini ya meza hii, ananikanyaga."

"Ndiyo, mama," ikajibu meza.

"Na wewe, mwanangu, funguo kaa nazo." Akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Yule aliyepiga kwikwi, ambaye hayupo, mpelekee nyingine. Mwambie asiharakishe kurudi. Leo napika viazi."

Mama Kisasa akafungua chupa, akaipitisha kidirishani bila kugeuza shingo, na mkono wenye pete ya shaba ukaipokea.