Ukuta wa Mama Rangi

Mama alikuwa amepiga magoti sebuleni, kisu cha jikoni mkononi, akiukwangua ukuta kama sufuria lililoungua. Magamba ya rangi yalimwangukia mapajani: krimu, kisha samawati, kisha kijani. Mpima aliyetumwa kukagua nyumba zetu alisimama nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni, mdomo wazi.

Mtaa wetu ulikuwa bondeni, na mvua kubwa ikinyesha, maji ya mitaa yote ya juu yalikuja kwetu bila hodi. Yalipita chini ya mlango, yakalala ndani, yakaondoka na kutuachia tope. Mama hakuwa mtu wa kulialia. Alisugua, akaanika magodoro, akangoja ukuta ukauke, kisha akanunua kopo la rangi. Hakutaka mgeni aketi kwenye kiti chake na kuona mstari wa tope ukizunguka chumba. Majirani nao wakaona haya, wakaanza kupaka. Ndiyo maana walimwita Mama Rangi, na jina hilo alilipenda kuliko lake mwenyewe.

Kisha ikaja habari ya mfereji. Fedha za kuujenga zilikuwa zimepatikana, ila hazikutosha mitaa yote, na mpima akatumwa nyumba kwa nyumba kutafuta alama za maji. Alifika kwetu kiangazi, akakuta kuta zinang'aa na watu wanaoapa kwamba huwa wanaogelea humo ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa kwenye kiti."

Aliketi ukingoni. "Mama, mimi nakuamini. Lakini wanaogawa hizo fedha wanataka picha na vipimo. Nikikosa alama leo, mfereji unaishia mtaa wa juu."

"Ukiishia huko, maji yataenda wapi?"

Mpima aliangalia viatu vyake. "Yatakuja huku. Tena kwa kasi zaidi."

Jirani yetu, fundi cherehani, alikuwa ameegemea dirisha kwa nje. "Si wewe uliyetufundisha usafi, Mama Rangi? Haya, usafi wenyewe ndio huo unatuzamisha!"

Waliokuwa nje walicheka. Mama hakucheka. Aliuangalia ukuta wake mzuri, nikamwonea huruma hata nikatamani kumfukuza yule mpima. Akaenda jikoni, akarudi na kisu.

Tope alikuwa amelisugua miaka yote hiyo, lakini doa halikutoka. Chini ya krimu ukatokea mstari wa kahawia, usawa wa goti. Chini ya samawati ukatokea mwingine, usawa wa meza. Chini ya kijani, rangi ya zamani kuliko zote, mama alilazimika kusimama. Mstari ulikuwa juu ya kitasa cha mlango.

"Huu ni wa mwaka uliozaliwa," aliniambia bila kugeuka. "Nilikulaza juu ya kabati."

Nilikuwa nimekula, nimesoma na kulala kando ya ukuta ule maisha yangu yote. Nilimtazama mama na kisu chake, nikahisi woga, ule woga wa mtu aliyesimama mbele ya kitu kikubwa kuliko alivyodhani.

Mpima alifungua kamba yake ya kupimia, akapima mstari mmoja mmoja. Fundi cherehani aliondoka dirishani bila kuaga. Punde tukasikia kwake kunakwanguliwa, kisha nyumba ya pili, kisha mtaa mzima.

Mvua ya kwanza baada ya mfereji kukamilika ilikuja mchana. Mama alipandisha viti mezani kama kawaida, tukaketi kitandani, miguu juu. Tukasikia maji yakiteremka, mngurumo ule ule wa utotoni mwangu. Yakafika. Yakapita. Nilikimbilia dirishani: mto mzima ulikuwa ndani ya mfereji, na matawi yake na ndala za watu, unapita mbele ya mlango wetu kana kwamba hautujui. Sijawahi kuona kitu chenye nguvu vile kikitii vile. Nililia, wala sikuona haya.

Mama alishuka polepole, akapapasa sakafu kwa unyayo. Kavu. Akauendea ukuta, ambao hakuwa ameugusa tangu siku ile, akaweka kiganja kwenye mstari wa juu kabisa.

"Nikanunue rangi?" nikamuuliza.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nataka wageni waje waone."