Kilemba Kwenye Tundu la Upepo

Fundi friji mstaafu hakuwa tayari kushindwa na kiyoyozi cha gari lake mwenyewe. Tangu yeye na mkewe wahamie kwenye gari hili lenye jiko na vitanda viwili vyembamba, upande wake ulipoa barabara, lakini kule nyuma anakolala mke kulikuwa tanuri. Mke hakulalamika. Alijipepea kwa mfuniko wa sufuria na kusema hajambo.

Asubuhi moja fundi alifungua kifuniko cha dari, akaingiza mkono. Hewa baridi ilikuwa ikivuja kwenye nyufa na kupotelea darini.

"Miaka arobaini nawapozea watu nyama," alifoka, "mke wangu namkaanga."

Akaziba kila mwanya kwa tepu ya foili, akazikandamiza kingo kwa kijiko. Upande wake upepo ukavuma maradufu. Nyuma, kimya.

Akapanda stuli, akafungua tundu la upepo lililo juu ya kitanda cha nyuma. Ndani alikuta kilemba cha kijani cha mkewe, kimekunjwa vizuri na kushindiliwa.

"Ni mimi," mke alisema, macho chini. "Wewe kwenye joto hulali. Niliona bora baridi yote ije kwako."

Hasira zikamwishia pale pale kwenye stuli. Alishuka, akakikung'uta kilemba, akamfunga mkewe kichwani taratibu.

"Ilikuwa inatutosha sote," alisema. "Ilipotelea njiani tu."

Mchana mke alivuta shuka mpaka kidevuni, akamwambia apunguze, anaganda. Tangu waoane, hilo lilikuwa lalamiko lake la kwanza, na fundi aliinuka kulishughulikia kama bwana harusi.