Walinzi Waliomo Kwenye Dang'a

Haya, wewe unayesoma, nifumbulie: mlinzi gani huingia kazini kwa kunywewa? Usijikune kichwa. Ni yule aliyemo kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa, mazito, ya njano.

Mpishi wa shule alilijua jibu hilo kwa machungu. Mwaka jana ndama wake aliikosa dang'a, akaharisha siku tatu, akafa. Safari hii ng'ombe alizaa alfajiri, na huku shuleni watoto mia mbili wanasubiri kula. Akamwachia zizi mume wa mdogo wake, fundi cherehani, mtu msafi mpaka sindano anaifuta.

"Shemeji, kamua, mpe ndama. Basi! Mchana nakuja na daktari."

Saa sita mchana Mpishi akarudi na daktari wa mifugo. Ndama kajikunyata. Kiwele cha mama kimekamuliwa hadi kimenywea.

"Amekunywa dang'a?" daktari akauliza.

"Amekunywa maziwa, tena lita mbili," Fundi akajibu, macho kwenye viatu vyake.

"Sikuuliza maziwa. Dang'a iko wapi?"

Fundi akakohoa.

Daktari akachuchumaa. "Sikiliza, Fundi. Huyu kazaliwa bila kingamwili, wale walinzi wa damu; tumboni mwa mama hazikumfikia. Zinakuja na dang'a, na kila aina ina kazi yake. Moja ni jitu la mikono kumi, likikumbatia bakteria linabeba fungu zima. Ya pili ni ndogo, lakini jeshi lake halihesabiki: inajaa damuni, inawatia bakteria alama ili wamezwe. Ya tatu inalinda ukuta wa utumbo, wasipate pa kunata."

"Wateleze waende zao!" Mpishi akadakia.

"Hasa. Ila mlango wa kutoka utumboni kwenda damuni hufungwa ndani ya siku moja, na kila saa unazidi kujibana. Nikiipata dang'a sasa hivi, ndama anapona. Iko wapi?"

Mpishi akamkamata Fundi ukosi.

"Nilikukabidhi ng'ombe, shemeji, si suruali ya kupunguza! Umeimwaga?"

"Niachie kola, shemeji, nimeipiga pasi!" Fundi akajinasua. "Ndama nilimpa maziwa ya pakiti, meupe, safi. Yale ya njano nilijua yameharibika. Yako kwenye friji lako, ndoo nzima, nimeyafunika na kitambaa. Nilimwekea daktari ushahidi kwamba ng'ombe wako ni mgonjwa."