Kununua kwa Kukunja Pua

Amplifaya za bei nafuu zinatia kinyaa. Nasema hivyo nikiwa nimezipiga karibu zote zilizowahi kufika Masumbwe, na sifuti neno. Ya kwanza ilikuwa ya kanisani, iliyonunuliwa kwa ajili ya mahubiri. Ukiingiza gitaa la umeme na kuongeza sauti, inakohoa. Ya pili kilikuwa kijisanduku cha transista alichokileta Kalisti, mpiga ngoma wetu, chenye kitufe kilichoandikwa kwamba hicho ndicho cha metali, yaani muziki mzito wa magitaa tunaoupiga. Nilikibonyeza mara moja tu. Nyigu ndani ya kopo wana heshima kuliko sauti ile. Ya tatu haikuwa hata amplifaya, ilikuwa programu ya kwenye simu, na mtu aliponipigia katikati ya wimbo, spika nzima ikaanza kuimba mlio wangu wa simu.

Bendi yetu inaitwa Duara, jina ambalo wachimbaji wa huku wanalipa shimo la dhahabu. Tuko watatu: mimi Noela kwenye gitaa, Kalisti kwenye ngoma, na Abel anayepiga besi huku akinguruma kwa Kiswahili mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Jumapili mchana, mashine ya kukoboa mpunga ikizimwa, mwenye mashine anatuachia banda lake tufanye mazoezi. Tunatoka na pumba hadi kwenye nyusi. Majirani wanaamini kuna watu wanatolewa mapepo mle ndani, na tumeacha kuwabishia.

Sasa muziki kama huo unataka amplifaya ya valvu. Valvu ni vile vichupa vya kioo vilivyokuwa kwenye redio za zamani, vinavyowaka ndani polepole kama balbu iliyochoka. Ukivisukuma kupita kiasi, sauti haipasuki, inanenepa. Transista ukiisukuma inapiga kelele tu. Amplifaya mpya za valvu ziko Dar es Salaam, na kwa bei ya moja unapata pikipiki na mafuta ya kuizungushia mjini mwezi mzima. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, kwa hiyo hesabu hiyo ilinichefua mara mbili.

Tungeendelea kukohoa hivyo hivyo kama tusingealikwa Mwanza. Kulikuwa na tamasha la bendi za gitaa, mara yetu ya kwanza kupiga mbele ya watu wasiotujua, na sharti lilikuwa kila bendi ije na amplifaya yake. Nilimwambia Kalisti wazi: na kile kijisanduku chako siendi. Heri wasitusikie kabisa kuliko kutusikia tukiwa nyigu.

Kalisti akampigia simu mjomba wake, Masudi, dalali wa almasi kule Maganzo. Masudi anajua kila kitu kilicholala kwenye kila nyumba kuanzia Maganzo hadi Mwadui. Baada ya siku chache akatujibu kwamba kuna mjane mmoja, Mama Eliya, ana sanduku la zamani la muziki lenye vioo ndani, na marehemu mumewe ndiye aliyeliacha. Nikapanda basi kesho yake.

Masudi alinipokea kituoni na kitu cha kwanza alichofanya ni kuninyang'anya gitaa mgongoni.

"Hili linabaki kwangu," akasema. "Unaenda kununua umebeba gitaa? Si bora ubebe bango."

"Mjomba, nitaijaribuje bila gitaa? Mimi sinunui mbuzi kwenye gunia."

"Iwashe, iangalie, inatosha. Halafu nisikilize. Huku kwetu hakuna anayenunua kwa tabasamu. Jiwe likiwa zuri, unakunja pua. Likiwa zuri sana, unalirudisha mezani kama limetoka chooni. Ukionyesha umelipenda, umekwisha. Na usiseme kabisa unalitakia nini."

Nilimwambia kukunja pua ni kipaji changu cha kuzaliwa. Akacheka, akasema basi nitafika mbali.

Mama Eliya alikuwa mwanamke mnene wa makamo ya kuelekea uzeeni, amekaa barazani akipepeta choroko. Nilimwamkia, akaitika, akamuuliza Masudi habari za nyumbani kwake, mvua, na mguu wa mama yake, kisha akatuingiza sebuleni. Ilikuwa kwenye kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Akakivuta kile kitambaa kwa vidole viwili.

"Hiyo hapo takataka ya marehemu," akasema. "Inanijazia nyumba."

Ilikuwa sanduku kubwa la mbao lililovishwa ngozi bandia nyeusi, spika mbili mbele, na nyuma, nilipoinama na tochi ya simu, valvu nne kubwa na tatu ndogo, zote zikiwa zimekaa kwenye vikalio vyake bila ufa. Transfoma yake ilikuwa nzito kama tofali na haikuwa na kutu. Nikaiwasha. Ikakaa kimya kidogo kama inayojiuliza niko nani, kisha valvu moja moja zikaanza kuwaka rangi ya machungwa, na spika ikatoa mvumo mdogo, safi, wa kitu kilicho hai. Amplifaya za enzi hizo peke yake hazina ukali wa metali, lakini pedali ya ukali, ya kukanyaga kwa mguu, ninayo. Kilichokuwa kinakosekana ni mwili, na mwili ulikuwa mbele yangu.

Nikazima. Nikasimama. Nikakunja pua.

"Inanuka panya," nikasema.

"Panya hawaingii humu kwangu," akasema Mama Eliya.

"Basi ni uozo wa zenyewe hizi mbao." Nikapangusa mikono kwenye sketi kana kwamba nimeshika kinyesi. "Ila mbao zinaweza kunisaidia. Nataka sanduku tu, la kutagia kuku. Haya mavyuma ya ndani nitatupa."

Masudi aliangalia dari kwa furaha ya mwalimu. Mama Eliya aliniangalia mimi. Aliniangalia kwa muda, machoni, kisha kwenye ile tochi ambayo bado ilikuwa inawaka mkononi mwangu. Nilitaja bei ya sanduku la kuku. Hakubisha. Dalali mwenye akili angeshtuka hapo, mtu wa Maganzo asipobisha bei ujue kuna jambo, lakini mimi nilikuwa tayari niko Mwanza jukwaani. Akasema nirudi Jumamosi na pesa, kwa sababu anataka kwanza kumtaarifu mwanawe Eliya.

Njia nzima nilijisifu. Nilimpigia Abel, nikamwambia nimeipata kwa bei ya kutupa na nimeitukana mpaka ikaona aibu. Abel akaanza kutunga wimbo mpya hapo hapo kwenye simu, na dereva wa basi akageuka kuangalia nani anakabwa.

Jumamosi nilikwenda peke yangu, safari hii na gitaa mgongoni, maana bei ilishakubaliwa na sikuona tena haja ya kuficha. Nilipofika kwenye uwanja wa Mama Eliya nikasikia harufu ya kitunguu saumu kilichopondwa. Nikadhani anapika.

Hakuwa anapika. Barazani kulikuwa na mwanamume aliyevaa koti la suti juu ya kaptula, amechuchumaa mbele ya sinia la chakula. Kwenye sinia kulikuwa na vipande vya vioo, waya nyembamba, vibati vidogo vya valvu vilivyokunjuliwa kwa koleo, punje za kitunguu saumu, na pete ya dhahabu. Alikuwa anaisogeza ile pete karibu na vioo, anaiondoa, anaisogeza tena, huku jasho linamdondoka juu ya sinia. Jasho lake, vitunguu vyake, na valvu zangu, vyote vimechanganyika kama kachumbari.

Ndipo nikaelewa. Huku kwetu utamkuta mtu mzima, ana watoto na heshima yake, anayeamini kwamba ndani ya redio za zamani ilifichwa zebaki nyekundu, yenye thamani kuliko dhahabu yote ya Geita. Wanasema inakimbia kitunguu saumu na kuifuata dhahabu. Wameshavunja redio, televisheni na vyerehani vya bibi zao, na hakuna aliyewahi kuiona, na hilo ndilo linalowapa imani.

"Shikamoo mama," nikasema, kwa sababu mdomo unajua kazi yake hata roho ikiwa imekufa.

"Marahaba." Mama Eliya alikuwa kwenye kigoda, amelipa sinia mgongo. "Umekuja kuchukua sanduku lako la kuku? Lipo ndani. Lichukue, ni tupu."

Yule mwanamume, Benjamini jina lake, akanyanyuka. Akasema ilikuwepo. Akasema ameisikia ikipita wakati anapasua kioo cha tatu. "Tatizo ni huyu," akanionyesha kwa koleo. "Huyu aliimulika na tochi siku ile akiwa na nia mbaya. Ikishamulikwa na mwenye nia mbaya inahama."

Sijawahi kumwona mtu mchafu kama yule, na nimekulia karibu na machimbo ambako watu wanaoga mara moja kwa wiki. Uchafu wa hao ni wa tope. Nilimwambia ni tapeli, mvivu na mpumbavu, kwa mpangilio huo. Hakukasirika. Alikuwa anakunja vizuri nyaya za shaba alizozichomoa kwenye transfoma, ambayo alikuwa ameipasua kwa patasi asije akatoka mikono mitupu. Akazifunga kwenye pikipiki, akamning'iniza jogoo wa malipo kwenye usukani, na akaondoka akimtakia Mama Eliya baraka.

Valvu unaweza kuagiza nje ukisubiri na kujinyima. Transfoma ile hakuna wa kuisuka tena hivi hivi. Niliingia sebuleni nikaangalia. Mbao, ngozi, spika mbili zilizotobolewa kwa vidole. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kiti.

Nilitoka na hasira zote ambazo hazikumpata Benjamini.

"Mama, kwa nini? Tulipatana."

"Tulipatana nini? Sanduku la kuku?" Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na siyo kwa kitunguu. "Mwanangu, nimekaa na dalali wa almasi tangu nikiwa binti. Kila aliyeingia nyumba hii akakunja pua, alikuwa amekuja kutuibia. Na marehemu akikunja pua, mimi nilikuwa najua leo tutakula nyama. Wewe ukasema unataka mbao, halafu ukaingiza kichwa kizima humo ndani na tochi, unahesabu vioo. Uso ule naujua. Nikasema hapana, kama kuna kitu humo, heri nikivunje mwenyewe kuliko kuibiwa na mtoto mdogo kwenye sebule yangu."

"Hakuna kitu humo. Ni amplifaya. Mimi napiga gitaa."

Nikageuka ili aone begi la mgongoni. Aliliangalia begi. Nadhani alikuwa bado hajaliona vizuri, au alidhani ni la kubebea vioo.

"Unapiga gitaa," akasema.

"Ndiyo, mama. Tuna bendi. Nilitaka kwenda nayo Mwanza."

Choroko zilikuwa kwenye ungo pembeni yake, akaanza kuzichambua, akaacha.

"Yeye alikuwa anapiga Shinyanga mjini kabla hajaingia kwenye mawe," akasema. "Dansi. Mimi nilimjulia hapo. Kila Pasaka alikuwa anaiwasha tu, aone kama bado ina uhai, halafu anazima. Eliya hataki hata kuisikia. Nimewauliza watu wa kwaya, wakasema ni ya kizamani. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuipiga, ng'wanone, mwanangu. Ungeniambia unapiga gitaa ningekupa bure. Ningekupa na nauli."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya baraza, karibu na sinia. Nilijiona mchafu kuliko Benjamini. Yeye angalau alikuwa anaiamini zebaki yake. Mimi nilisimama mbele ya kitu nilichokipenda kuliko chochote nilichowahi kukiona, nikakiita uozo mbele ya mwenye nacho, nikajisifu kwenye simu.

"Uliiita takataka," nikamwambia. Ndilo pekee lililonijia.

"Ningeiitaje mbele ya Masudi?" akasema. "Naye ni dalali."

Kuku wakaja kudonoa karibu na sinia, akawafukuza kwa mguu wasije wakameza vioo. Kisha akaniuliza kama lile gitaa liko ndani ya begi kweli. Nikalitoa.

"Hebu nisikie ingelia vipi."

Nilitaka kumweleza kwamba gitaa la umeme bila amplifaya halina sauti, ni mbao na nyuzi tu. Lakini alikuwa ameshasogeza kigoda. Nikapiga wimbo wetu wa kwanza, ule mzito kuliko yote, wenye kishindo ambacho Abel anakingurumia mpaka anakosa pumzi. Nyuzi zikatoa kimlio chembamba kinachopotea hapo hapo barazani. Mama Eliya aliinama mpaka kilemba chake kikagusa mkono wangu, akatega sikio juu ya nyuzi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Hapana, mama," nikasema. "Siyo hii."