Maumivu Ndani ya Kapu

Fundi cherehani aliingia kwa daktari wa familia akiwa amepinda, dada yake mdogo nyuma yake na kapu. Mgongo ulimtesa tangu alipoanguka ngazini, na alichotaka ni kimoja tu: dawa itakayomwezesha kukaa tena kwenye cherehani yake. Vidonge vya kawaida alishavimeza hadi tumbo likamgomea.

Daktari aliwajua wote nyumbani kwao, na balaa lilianzia hapo. Kaka yao aliwahi kuuza vidonge vikali mtaani, basi tangu siku hiyo hakuna aliyeandikiwa chochote cha maana. Mama yao alivunjika nyonga, akapewa pole na vidonge vya kichwa. Jamani! Mara ya mwisho fundi aliambiwa kwamba mgongo kila mtu anao. Maumivu yake hakuna aliyeyaona.

Kwa hiyo safari hii aliyatoa mgongoni, akayaleta kapuni, ingawa hata humo, yakiwa karibu, yalimpinda. Yalikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba, yana joto, yanahema. Daktari alivaa glavu, akayaweka kwenye mizani, akayamulika tochi. Akauliza ni ya nani hasa, maana watu siku hizi huazimana. Kisha akawaambia wamwachie ayachunguze, wangoje nje.

Huko nje fundi alinyooka. Aliinama akafunga kiatu chake mwenyewe, akacheka, dada yake akashindwa kuzuia machozi kwa furaha. Daktari alikuwa anachungulia mlangoni. Akawaita.

"Nimekuona," alisema. "Umeinama, umeinuka, na kicheko juu. Mgonjwa wa mgongo hayuko hivyo."

"Lakini daktari, si unayo wewe hapo mezani?" dada mtu aliuliza.

Daktari alisema hayo ni mambo mengine. Akaandika vidonge vilevile vya siku zote, akaagiza kaka yao asalimiwe.

Muuguzi ndiye aliyemsaidia fundi kuyarudisha mgongoni, kwa kuwa mshikio wa kapu ulikuwa umekatika. Aliyainua, akaguna, akayatua kwanza ili apumzishe mikono. Fundi alianza kupinda hata kabla hayajamfikia.

"Mbona mazito hivi, dada? Unayabebaje?" muuguzi alimuuliza fundi.

Daktari alikuwa ananawa mikono. Alifunga bomba, akamuuliza muuguzi ana undugu gani na familia ile.