Jina la Nne kwenye Orodha ya Theluji

Karatasi ilibandikwa ukutani Jumatatu asubuhi, juu ya rafu ya mabuti namba arobaini na mbili. Wilbard aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena amechuchumaa, akijifanya anapanga mabuti. Majina sita, na lake lilikuwa la nne. Wiki nzima ya Januari kwenye hoteli ya mlimani katika nchi ya Georgia, kwenye theluji iliyoanguka yenyewe kutoka mawinguni, si hii inayotemwa na mashine darini. Mwisho wa wiki, mtihani. Atakayefaulu atarudi Dubai akiwa mwalimu wa kuteleza, atavaa koti jekundu, na hatagusa tena buti la mtu.

Wenzake walipiga makofi. Wilbard hakupiga. Alikuwa amekwisha kupigia makofi ahadi mbili, na zote mbili alizikumbuka.

Miaka sita na miezi mitatu alikuwa amefanya kazi kwenye lile jumba la theluji lililojengwa ndani ya maduka makubwa, ambako nje watu wanaungua na ndani wanalipa watetemeke. Alikuwa amepiga magoti mbele ya miguu ya kila taifa, akifunga vibano vya mabuti ya plastiki na kusema karibu sir, karibu madam. Asubuhi kabla ya milango kufunguliwa alishika koleo akasawazisha mteremko, na ilikuwa hapohapo, kwa kuanguka na kuinuka, alipojifundisha kuteleza, kwa skii, vile vibao virefu vya kutelezea, zilizokwisha kutupwa na wenyewe. Hakufundishwa na mtu. Meneja wao, ambaye wote walimwita Sir kana kwamba mama yake hakumpa jina lingine, alimwona siku moja akishuka kutoka kileleni kama maji, akasema mwaka kesho nitakupeleka. Hiyo ilikuwa Februari 2013, siku ya Alhamisi, na Sir alikuwa na doa la kahawa kwenye mkono wa shati. Mwaka kesho ulipofika, wakapelekwa wawili waliokuja juzi. Mwaka 2015 akaambiwa tena mwaka kesho, safari hii mbele ya mashine ya maji ya kunywa. Wilbard hakuwa na daftari la mambo haya. Aliyaweka kichwani, yakiwa na tarehe zake, na yeyote aliyetaka kubishana naye alijua atasomewa yote tangu mwanzo.

Safari hii hata maandalizi alikabidhiwa yeye, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kumtazama mtu anatembea akataja namba ya mguu wake. Akaandaa safari kuliko wakala wa safari mwenyewe. Soksi jozi mbili tu, maana ya tatu inabana damu na vidole vinakufa. Glavu za ngozi, si za sufu. Mafuta ya midomo. Miwani ya njano kwa siku za ukungu. Ukimwambia kwamba sisi Waafrika baridi hatuijui, alikukata jicho. Yeye alikuwa wa Makete, ambako mwezi wa sita mashamba ya viazi hulala meupe kwa jalidi, na alikuwa ameikanyaga kwa miguu mitupu akienda shule.

Kila asubuhi aliwafundisha wale watano kabla wateja hawajaingia. Damaris, msichana wa Nyahururu aliyekaa kaunta ya tiketi, alianguka kila mara upande uleule.

"Dada Damaris, huo mguu wa kushoto una ugomvi na wewe?"

"Uache kuuangalia basi, mwalimu. Unauogopesha."

Lenny, mlinzi wa zamani kutoka Kericho, aliuliza kama kule milimani kuna unga wa ugali au abebe wake. Wilbard akamwambia abebe, na mwiko pia, maana akivunjika mguu watautumia kumfungia. Walicheka wote, hata Lenny, lakini Wilbard mwenyewe kicheko kilimtoka mara moja kikaisha. Hakutulia. Alikula amesimama. Kwenye basi la kampuni kutoka Al Muraqqabat, walikopanga wanane chumba kimoja, alining'inia mlangoni viti vikiwa vitupu. Alihesabu glavu mara tatu, akazihesabu tena kesho yake. Kuna kitu kingeharibika, alikuwa na hakika, na alikuwa na hakika vilevile kingetokea upande gani. Kingetokea juu, ofisini, kama siku zote. Basi akakesha macho yakiwa huko juu, na huko ndiko kulikomfanya asitazame mikono yake mwenyewe.

Fomu ya wakala ililetwa Jumapili. Ilitaka jina kamili, namba ya pasipoti na tarehe ya kwisha. Pasipoti zenyewe zilikuwa kwenye kasha la chuma ofisini kwa mzee Umaru, mtu wa Unguja aliyeishi Dubai zaidi ya miaka thelathini na ndiye aliyeshughulikia viza na karatasi zote za kampuni. Kila mfanyakazi alimkabidhi pasipoti siku ile aliyoshuka uwanja wa ndege, akaambiwa inatunzwa. Neno lile lilimkera Wilbard tangu siku ya kwanza. Hutunziwi kitu ambacho hukuomba utunziwe.

Namba kila mmoja alikuwa nayo kichwani, maana ndiyo iliyoandikwa kila mahali, kwenye mkataba, kwenye fomu ya bima. Walimtajia Wilbard, aliyeshika kalamu, kwa mbio kama watoto wanaotaja majina ya baba zao. Tarehe ya kwisha hakuna aliyeijua. Lenny alisema aliingia 2014, pasipoti ni ya miaka kumi, andika 2024. Damaris naye akapiga hesabu hiyohiyo kwa vidole. Wangeenda kumuuliza mzee Umaru, lakini kumfungulisha kasha kulihitaji saini ya Sir, na Sir alikuwa safarini. Wilbard alipofika kwenye jina lake hakufikiri hata kidogo. Aliingia Dubai Agosti 2011. Akaandika 2021, akaipeleka fomu.

Alhamisi jibu likarudi, Sir naye akiwa amerudi. Wakala alikuwa ameomba nakala za pasipoti, Umaru akazituma, na majina matano yakapita. Jina la nne halikupita. Pasipoti yake ilibakiwa na miezi miwili tu baada ya tarehe ya safari, na wakala hakumkatia tiketi mtu mwenye chini ya miezi sita. Sir alimpa habari hiyo akipita, hakusimama hata. Alisema pole, Wilbard, mwaka kesho inshallah.

Wilbard alivua glavu akaziweka juu ya kaunta. Mteja aliyekuwa na mguu mmoja ndani ya buti akabaki hivyohivyo. Alipanda ngazi mbilimbili mpaka ofisini kwa Umaru, Damaris na Lenny nyuma yake, mmoja akimwambia taratibu, mwingine akimwambia mwambie.

Akamwambia. Alianza na doa la kahawa la 2013, akaja kwenye mashine ya maji, akataja wawili waliokuja juzi na mwezi waliokuja, akataja likizo aliyofutiwa Krismasi ya 2016 na aliyeifuta. Akasema pasipoti yake inakwisha 2021, akauliza nani amechezea tarehe. Akasema amechoka kufungiwa jina lake kwenye sanduku kama bangili za bi harusi. Sauti yake ilifika mpaka chini kwenye theluji. Mzee Umaru alimsikiliza, mikono juu ya meza, akamwacha amalize yote. Kisha akainuka, akafungua kasha bila saini ya mtu, akatoa kitabu chenye pembe zilizokunjika, akakiweka mezani kikiwa wazi.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Mie nikisoma utasema naongopa."

Wilbard akasoma. Picha ilikuwa ya kijana mwembamba aliyekaza shingo. Pasipoti ilitolewa 15 Machi 2008. Inakwisha 14 Machi 2018.

Aliisoma mara ya pili, na hapo kilichokuwa kimezikwa kikafukuka chenyewe. 2008. Mbeya. Wakala mmoja mwenye suti ya kijivu aliyewaambia kuna kazi Oman, watengeneze pasipoti haraka haraka, ndege ni mwezi ujao. Ndege haikuwapo, na baada ya wiki mbili wakala naye hakuwapo. Wilbard alikuwa ameshaaga kijijini, ameimbiwa kanisani. Angerudi vipi? Akaenda Dar es Salaam, akashusha magunia ya vitunguu Mbagala miaka mitatu, na miaka yote hiyo mama yake aliwaambia majirani mwanangu yuko Uarabuni. Kila kosa alilotendewa alilijua kwa siku na saa. Lile la aibu yake mwenyewe alikuwa amelifuta, na pamoja nalo akafuta miaka mitatu ya kitabu. Maisha ya pasipoti aliyaanza kuyahesabu siku uongo ule wa Uarabuni ulipogeuka kweli.

Lenny alitazama viatu vyake.

"Sasa umeona," Umaru akasema kwa upole. "Hapana aliyekuchezea."

"Nimeona." Sauti ilikuwa imeshuka, lakini haikuwa imeisha. "Ami Umaru, Agosti mwaka huu ulinigongea viza mpya. Tarehe hii uliiona?"

Mzee akakitazama kitabu pale mezani.

"Niliiona. Ilikuwa na miezi saba. Wa viza wanataka sita."

"Ukanyamaza."

"Kazi yangu ni viza, mwanangu. Viza ilipita."

"Ingekuwa kwenye begi langu, chini ya kitanda changu, ningeifungua hata kwa kukosa la kufanya. Ningekuwa nimeijua tarehe hii miaka mingapi sasa? Kosa ni langu, sikatai. Lakini mmenifungia kosa langu nisilione."

Umaru alinyoosha mkono apewe kitabu. Wilbard akauliza kama anaweza kwenda nacho kukiombea kipya, maana safari ilikuwa bado wiki tano, huenda kingewahi. Umaru akapiga simu kwa Sir, akaiweka mezani wote wasikie. Sir alisema pasipoti haitoki nje bila utaratibu, utaratibu utafanyika baada ya safari, sasa kuna shughuli nyingi. Kisha, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto, akasema: airudishe tu ndani, na mwaka kesho jina lake litakuwa la kwanza.

Wilbard alikiangalia kitabu. Akikirudisha, atabaki mtu mwema machoni pa Sir, na ana ahadi ya tatu. Akitoka nacho, atahesabiwa mkaidi, labda mtoro, na hata kipya kikiwahi nani atamrudisha kwenye orodha? Mlima ulikuwa unamtoka kwa njia zote mbili. Alilijua hilo, na kulijua kulimtuliza kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile ya karatasi.

Akakifunga kitabu, akakitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mwanangu, usiniponze."

"Waambie nimekunyang'anya, Ami. Na waambie wakaulize serikali ya hapahapa kama kampuni inaruhusiwa kukaa na pasipoti ya mtu. Wewe unajua jibu. Unalijua kunizidi."

Umaru alitazama mlango, ambako angeweza kumwita mlinzi. Hakumwita. Akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya kanzu, polepole, kama mtu aliyeamua kutokuona kwa dakika moja. Wilbard akatoka.

Jumapili aliomba ruhusa ya kwenda kliniki, akaenda kwenye dirisha la pasipoti, ubalozi mdogo wa Tanzania. Karani, dada mmoja jina lake Martina, alikigeuza kitabu na kusema kipya huchapwa nyumbani, asihesabu chini ya wiki sita. Wilbard akamuuliza kama kuna namna ya haraka, akaeleza kuhusu mlima na mtihani. Dada akamsikiliza vizuri, asimkatishe, kisha akasema wiki sita, kaka. Akampigia muhuri stakabadhi. Basi khalas. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka jua lilipomfikia magotini, akiwa na hasira na Sir, na Umaru, na yule wa suti ya kijivu, na mara hii, bila kujipa nafuu, na kijana mwembamba aliyekaza shingo.

Sir hakumfukuza. Alimwondoa kwenye kaunta akampa koleo kutwa nzima, na nafasi ya nne akampa Pius, Mganda aliyekuwa na miezi minne kazini. Wilbard aliongeza tarehe hiyo kwenye zile nyingine. Lakini mabuti ya safari hakuna aliyeyajua ila yeye, hivyo akaitwa kumpima Pius mguu. Akampima. Akamwonya kuhusu soksi ya tatu. Pius, kwa aibu, akamwomba amfundishe zile asubuhi zilizobaki, na Wilbard akakubali bila kumtazama, akamwambia aje kesho saa kumi na mbili na asichelewe.

Damaris alikuwa amesimama pembeni akisubiri zamu yake ya buti. Akauliza ile pasipoti yenyewe sasa iko wapi. Wilbard akamwonyesha stakabadhi, akaiacha mkononi mwake aisome. Aliisoma mpaka nyuma.

"Na kipya kikitoka utakirudisha kwa kasha?"

"Hapana."

"Wakikulazimisha?"

"Watanilazimisha wakiwa wamekaa. Mimi nitakuwa nimesimama, nacho mfukoni."

Akamrudishia karatasi. Hakujaribu buti. Wilbard alimwona akipanda ngazi za ofisini na soksi zake mbili za safari miguuni, bila viatu, na baada ya kitambo Lenny akaweka glavu zake chini akamfuata, halafu Pius, ambaye hata hakuwa ameelewa vizuri wanakwenda wapi. Mlango wa Umaru ulikuwa wazi. Damaris alibisha hodi hata hivyo. Mzee akamuuliza anataka nini saa za kazi, naye Damaris akamwambia, kwa heshima zote, kwamba amekuja kusoma tarehe yake.