Rilei za Mukuyuni

Mbugua wa kampuni ya pampu za sola alipofika Mukuyuni, Ndinda alikuwa ameinamia meza yake karibu na dirisha, kibano mkononi, akipachika springi kwenye rilei. Hakusimama. Springi ile ni nyembamba kama unywele, na ukiilegeza kidogo inaruka na hutaiona tena.

Rilei ni swichi isiyongoja kidole cha mtu. Ndani yake mna waya mwembamba wa shaba uliozungushwa kwenye kibobini. Umeme ukipita kwenye waya huo, kibobini kinageuka sumaku, kinavuta kipande cha chuma, na ncha mbili zinagusana. Hapo pampu inawaka. Umeme ukikatika, springi inakirudisha chuma mahali pake, pampu inazimika. Kitu chenyewe ni kidogo, chatosha ndani ya kiganja cha mtoto, na karibu kila mtu nchini hukiagiza kutoka ng'ambo. Ndinda alikuwa ameamua kutengeneza chake.

"Madam, tumezijaribu," Mbugua alisema. "Ni nzuri kushinda zile tunaagiza. Tutachukua zote mnazotengeneza."

Gikonyo, mwenye karakana, alivuta kiti akamkaribisha mgeni aketi. Alikuwa amehamia Mukuyuni kutoka Murang'a miaka mingi iliyopita, akaanza na kutengeneza redio, na siku kama hii alikuwa ameiombea.

"Ni jambo moja tu," Mbugua akaendelea. Alichukua rilei moja akakigeuza kifuniko chake, pale palipochapwa neno MUKUYUNI. "Hili jina litoke. Tutawapa lingine, la huko nje."

"Kwa nini?" Ndinda aliuliza.

"Mteja akifungua boksi aone Mukuyuni, atasema ni jua kali, kitu cha fundi wa kando ya barabara. Si mimi nasema hivyo. Ni soko."

"Lakini ni jua kali. Imetengenezwa hapa."

Mbugua alicheka kidogo, kwa adabu. Gikonyo hakucheka. "Ndinda," alisema, "tutaongea baadaye."

Ndinda alijua jina hilo lilikuwa na kazi gani pale juu ya kifuniko, na si majivuno.

Kabla ya hapo alikuwa akizunguka Kitui kaskazini kurekebisha pampu za visima. Kule Kyuso boksi la pampu hukaa juani kutwa nzima. Waya wa shaba ukipata joto unaupinga umeme zaidi, sumaku inalegea, chuma kinavutwa nusu kikiachiliwa nusu, ncha zinatetemeka na kuungua. Sisimizi nao wanaingia ndani na kufia katikati ya ncha. Ndinda alifungua rilei za kigeni zilizokufa hivyo hadi akachoka kuzitupa. Waliozichora hawakuwahi kuifikiria Kyuso. Basi akachora yake: kibobini kinene zaidi, waya mwingi zaidi, chuma chepesi, na kifuniko kilichozibwa kwa gundi pande zote. Nzisa, aliyekuwa fundi cherehani kabla macho hayajamsumbua, ndiye aliyezungusha waya, maana vidole vyake vilijua kuvuta uzi bila kuukata.

Zile za kwanza ziliwaka vizuri. Tatizo lilikuja kwenye kuzima. Mota ya pampu ikianza huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na kule Kyuso ncha ziliyeyuka zikashikana. Pampu haikuzimika. Ilinyonya kisima hadi kikakauka, ikaendelea kuzunguka bila maji hadi ikaungua. Akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa mtoni.

Mwau, mwenyekiti wa kisima, alilifungua boksi, akasoma neno lililochapwa kwenye kifuniko cha rilei, akapiga simu huku na huku Mukuyuni mpaka akampata aliyeitengeneza. Ndinda alienda. Alisimama mbele ya watu uwanjani mwa kanisa baada ya ibada, akasema, "Ni yangu. Nimekosea kwenye ncha. Nitarudi na nyingine, na pampu nitaitengeneza." Mama mmoja alimwambia mbele ya wote kwamba watoto wake walikuwa wamekunywa maji ya kushirikiana na punda. Alirudi Mukuyuni, akaweka ncha pana za fedha na springi ngumu ya kuzibandua, akaongeza waya ili sumaku iishinde ile springi. Akazipeleka mwenyewe. Hizo hazijashikana mpaka leo.

Haya yote alimwambia Gikonyo jioni ile Mbugua alipoondoka. "Kama kungekuwa na jina la mtu wa ng'ambo pale, Mwau angempigia nani?"

"Wewe unataka sifa," Gikonyo alisema.

"Nataka watu wajue mahali pa kuja kunigombeza."

Gikonyo alitikisa kichwa akafunga mlango. Wiki iliyofuata kalibu mpya ya vifuniko ikafika kutoka Nairobi. Ilichapa jina refu ambalo hakuna mtu pale karakanani aliyeweza kulitamka vizuri, na chini yake jina la nchi ambayo rilei zile hazikuwa zimeiona kamwe.

Ndinda alilisoma. Kubadilisha jina, hilo angeweza kuliita biashara. Lile jina la nchi lilikuwa uongo, tena uongo wa kuchapwa kwa moto.

Gikonyo alisafiri kwenda mji wa Wote, na Ndinda akakaa mezani na mzigo uliokuwa tayari kupelekwa, wenye vifuniko vya jina jipya. Akachukua kisu chembamba, akabandua kifuniko cha rilei ya kwanza. Nzisa alimtazama.

"Mwanangu, atakufukuza."

"Najua, mwaitu," Ndinda alimjibu, akimwita mama kwa Kikamba.

Nzisa alivuta kiti chake, akatafuta kisu kingine. Walibandua vifuniko vyote, wakaweka vya Mukuyuni, wakaziba kwa gundi, na kila rilei wakaisikiliza ikilia *tik* kabla ya kuirudisha kwenye katoni. Gikonyo aliporudi, Ndinda alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Hakutaka Gikonyo aione kazi ile kabla hajamwambia.

"Nimeyatoa yale majina," alisema. "Ukitaka kuyarudisha, rudisha kwa mikono yako. Yangu haitafanya."

Gikonyo alimtukana kwa Kigikuyu na kwa Kiswahili. Mbugua aliukataa mzigo, kwa upole uleule. Ndinda aliondoka na mashine ya kuzungusha waya, aliyoiunda mwenyewe kwa cherehani kuukuu, na Gikonyo, ambaye hata hasira haikumfanya mwizi, alimsaidia kuipakia kwenye mkokoteni.

Sasa anafanyia kazi kwenye chumba cha nyuma cha kinu cha unga cha shangazi yake, palepale Mukuyuni. Vumbi la unga linamsumbua, kwa hiyo ametundika turubai na anafunga rilei asubuhi kabla kinu hakijaanza. Nzisa yuko naye. Kampuni ilipata mtu mwingine wa kuchapa majina. Watu wa Kyuso wameagiza tena kwake, na baada yao wa Tseikuru. Kuna miezi ambayo hakuna anayepiga simu, naye hutengeneza chaja za watu na kungoja.

Juzi mwanamke aliingia kutoka Tseikuru, vumbi la safari hadi kwenye nyusi, akaiweka rilei mezani kwa kishindo. Mbuzi wake walikuwa wamekaa na kiu siku mbili.

"Ni wewe Mukuyuni?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Hiki kitu chako kimenikosea sana."

Ndinda alimvutia kiti, akamwambia Nzisa alete chai, kisha akawasha taa ya mezani na kukiingiza kisu chini ya kifuniko. "Kaa, mama," alisema. "Niambie tangu mwanzo. Usinifiche lolote."